Kambale wa Kitangiri hadanganyiki kwa kung'aa tu

UKIITAJA Singida kwa mdau wa soka, jibu la kwanza ni Uwanja wa Liti na Singida Black Stars. Wachache watakutajia maziwa. Lakini mkoa huu, pamoja na ukame wake, una Singidani na Kindai palepale mjini, na ukienda Iramba unakutana na Ziwa Kitangiri. Mto Wembere unaingia pale, Sibiti unatoka kuelekea Ziwa Eyasi, na wavuvi wanatoa perege na kambale.

Kwa kijana anayetaka mchezo wa wikiendi tofauti na ndondo, hapo ndipo pa kuanzia kuvua kwa mshipi kwa chambo bandia alichotengeneza mwenyewe. Hapa hatuongelei minyoo wala donge la ugali. Ni kipande cha bati, cha mti au manyoya kinachovutwa majini ili samaki adhani mlo wake unapita.

Mtaji wake ni mdogo. Shida ni kwamba anayeanza huwa na haraka ya kushika kisu na rangi, wakati hata hajui anamvua nani. Kocha gani anapanga kikosi kabla ya kumsoma mpinzani?

MSOME MPINZANI

Anza na perege. Huyu chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu vya majini, kwa hiyo kijiko kinachong'aa kikipita mbele yake hakimhusu. Dume linalolinda kiota linaweza kukigonga kwa hasira, lakini usitegemee hilo. Ukimtaka perege, rudi kwenye minyoo.

Kambale ni habari nyingine. Anakula samaki wadogo, vyura, wadudu na mizoga, na anahangaika zaidi usiku. Macho yake si silaha yake kubwa. Anatumia sharubu, harufu na mtikisiko wa maji. Maana yake, chambo chake kipite taratibu karibu na chini, kipige kelele na kinuke.

Sangara wa Ziwa Victoria ndiye anayekimbiza kinachong'aa na kuyumba. Kwa hiyo ukinakili chambo cha mtu wa Mwanza ukaja nacho Kitangiri, umeingia uwanjani na mfumo wa mechi nyingine.

SOMO KUTOKA FINLAND

Mwaka 1936, mvuvi wa Finland aitwaye Lauri Rapala alitengeneza chambo kilichokuja kumpa jina duniani. Hakuwa na kiwanda. Alichonga gamba jepesi la mti, lile linalotumika kuzibia chupa, akalilainisha kwa msasa, akalifunga karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye.

Kabla ya hapo alikuwa ameangalia samaki wakali wanavyowinda. Akaona hawamfuati kila mdogo anayepita, wanamkimbilia yule anayechechemea. Ndiyo maana chambo chake kiliyumba kama samaki aliyeumia. Leo kampuni yenye jina lake inauza duniani kote.

VIFAA VIKO MTAANI

Kwa anayeanza Singida, kizibo cha soda kinatosha. Bandua plastiki ya ndani, kikunje nusu kwa plaizi, tia gololi mbili tatu ndogo za baiskeli, kisha kibane kifunge. Toboa tundu kila ncha kwa msumari, weka pete ndogo za waya mgumu. Upande mmja ndoana, upande wa pili mshipi. Ukikivuta kinalia kama kayamba, na hata maji yakiwa na tope, kambale anakisikia.

Manyoya nayo si tatizo kwenye mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji. Chukua ya shingoni mwa jogoo, yafunge kwenye shina la ndoana kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki ili usilegee. Ndala iliyokatika inatoa vipande vya kuelea. Kwa harufu, tundika kipande cha utumbo wa kuku kwenye ndoana. Hiyo siyo kudanganya mchezo, ni kumpa kambale anachokitafuta.

Kabla ya kwenda ziwani, kijaribu kwenye beseni kubwa la maji. Kikizunguka kama feni kitasokota mshipi, kikunje upya. Kikienda wima kama kijiti, sogeza mahali unapofungia mpaka kiyumbe.

HII NI KADI NYEKUNDU

Chambo kinahitaji uzito, na hapa ndipo wengine wanafikiria kuyeyusha risasi ya betri chakavu za gari jikoni. Acha kabisa. Moshi na vumbi la risasi vinaingia mwilini, vinaharibu ubongo na figo, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sufuria uliyoyeyushia haifai tena kupikia chochote. Nati au kipande cha boliti kinafanya kazi hiyohiyo ya chubwi, na hakimdhuru mtu.

Ndoana nazo zinataka heshima. Anayeanza atumie ndoana moja, siyo ile ya matawi matatu, na akibane kile kijino chake kwa plaizi. Ikikuchoma kidole inatoka bila kwenda zahanati, na samaki mdogo anarudi majini akiwa mzima. Hilo ndilo nyavu za macho madogo haziwezi kufanya: zinabeba mama na watoto kwa pamoja, na msimu unaofuata watu wanashangaa ziwa limekauka samaki.

Kabla ya kutupa mshipi, pitia kwa ofisa uvuvi wa wilaya uulize habari ya leseni na maeneo yanayoruhusiwa. Kisha kaa na wavuvi wa pale mwaloni uwaulize kambale anakula saa ngapi na amejificha wapi. Majibu yao ndiyo yatakayokuambia ukirudi nyumbani utengeneze nini.