Mbao Mbili na Bawaba: Kupiga Picha za Nyota Penye Ikweta

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku mbali na taa za mji amekwisha kuona jinsi nyota zinavyochomoza, zinavyopita utosini na kutua magharibi. Mwendo huo ndio adui wa kwanza wa mtu atakaye kuzipiga picha. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, nayo kamera huzunguka pamoja nayo. Ikiachwa wazi kwa muda mrefu, hata kama imesimama imara juu ya miguu yake mitatu, nyota hutokea kama mistari badala ya nukta.

Anayeanza na kamera na miguu mitatu tu, na agawe 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 hupewa sekunde 10, na ya milimita 24 hupewa sekunde 20. Hapa Uganda afadhali kupunguza kidogo, kwa kuwa nyota zipitazo utosini kwetu ndizo zikimbiazo upesi kuliko zote. Lenzi ilengwe kwa mkono, kwa kuitazama nyota kali mpaka iwe nukta ndogo kabisa, na kamera ijifyatue yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Lakini vitu hafifu vya mbinguni vinataka mwanga mwingi zaidi. Mmarekani Henry Draper, alipolipiga picha wingu la gesi la kundi la Jabari mwaka 1880, aliacha bamba lake wazi kwa dakika 51, huku mtambo wa saa ukiisogeza darubini kuzifuata nyota. Siku hizi mitambo ya namna hiyo huuzwa midogo, ya kutiwa mfukoni mwa koti. Mwandishi wa makala hii alinunua mmoja kwa fedha ambazo mama watoto alikuwa amezikusudia mambo mengine. Kitabu cha maelezo kikaagiza: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Jaa. Agizo jema kwa mtu wa Ulaya! Kampala iko dakika 19 tu za digrii kaskazini ya ikweta, na nyota hiyo kwetu hulala juu ya upeo wa macho, nyuma ya miti, vumbi na mabati ya jirani. Usiku tatu nikaitafuta bure.

Dawa yake ilikuwa mbao mbili. Mwaka 1975 Mskoti mmoja, Haig, alieleza chombo chepesi: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na skrubu ya kuufungua ubao wa juu polepole kama jalada la kitabu. Kule kwao ni lazima chombo kiinamishwe sana ili bawaba ielekee ncha ya mbingu. Kwetu ncha hiyo iko kwenye upeo wa macho, basi bawaba hulala sawasawa, na ubao wa chini hukaa bapa kama meza. Ikweta iliyonishinda kwa chombo cha dukani ikanirahisishia kazi ya useremala.

Tafuta skrubu ndefu ya milimita 6, ambayo kila mzunguko huipandisha milimita 1. Iweke milimita 229 kutoka katikati ya pini ya bawaba, ipite katika nati iliyokazwa kwenye ubao wa chini na kuusukuma ubao wa juu. Weka chombo juu ya matofali, usawazishe kwa pima-maji, na bawaba uielekeze kaskazini kwa dira. Kosa la digrii moja au mbili halidhuru kwa lenzi ya milimita 50. Bawaba iwe upande wa magharibi, skrubu iinue ukingo wa mashariki. Kisha zungusha robo mzunguko kila sekunde 15, ukitazama saa. Mtoto mwenye subira aweza kazi hiyo vizuri kuliko baba yake. Taa ifunikwe kitambaa chekundu.

Picha za dakika moja zikitoka safi, piga 20 au 30 za mahali pamoja, kisha uzipange juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta kama Siril, ambayo hupatikana bure. Chengachenga za kamera hupungua, na mwanga hafifu hubaki.

Desemba mpaka Februari, anga likiwa kavu, anzeni na Kilimia na Jabari. Juni mpaka Agosti, ukanda wa Njia ya Maziwa hupita juu jioni. Umeme ukikatika mtaani, msinung'unike, tokeni nje na kamera.

Neno moja kwa wakaao karibu na kambi. Mtu aliyeinama gizani juu ya chombo chenye lenzi hana sura njema mbele ya mlinzi. Ombeni ruhusa mchana, mkionyesha chombo chenyewe, na mkae mbali na uzio. Mlinzi aliyenizuia mimi alitaka kwanza kuiona picha ya Kilimia, kisha akaniuliza bei ya bawaba.