Kulaza, Kulemaza na Kuzuia: Istilahi za Vidhibiti vya Diski Visivyotumika

Kompyuta iwashwapo, mfumo wa uendeshaji kama Linux hukagua njia ya PCI, nafasi baada ya nafasi, ukisoma namba ya mtengenezaji. Jibu la FFFF humaanisha nafasi tupu. Penye kifaa, namba ya aina husomwa pia. 01 ni ya vidhibiti vya hifadhi, ambavyo diski hufungwa kwavyo. Kisha programu ya kiendeshi huchunguza kila mlango wa kidhibiti kama una diski. Kidhibiti kisicho na kazi chaweza kupunguziwa umeme hadi hali ya D3, tayari kurejeshwa kihitajikapo.

Tendo hili la mwisho ndilo lizualo suala la istilahi. Neno 'lemaza', lililozoeleka katika tafsiri za programu, lina asili moja na 'kilema'. Lakini kidhibiti hicho hakina dosari yoyote. Huko Salgaa, kituo cha malori katika barabara kuu ya Nakuru hadi Eldoret, lori hulazwa usiku: injini huzimwa, na alfajiri safari huendelea. Maana hiyo ndiyo itakiwayo hapa. Aidha, 'laza' lina mwenzake: lala huzaa laza, amka huzaa amsha, yote mawili ni vitenzi vya kusababisha. 'Lemaza' halina kinyume cha namna hiyo.

Hata hivyo, mtumiaji akikataza kidhibiti katika BIOS, huko si kulaza tena. Hapo yafaa kusema 'zuia'. Istilahi moja isibebeshwe matendo mawili.