Simba wa Fedha wa Uholanzi

Anayeanza kukusanya sarafu za kale za Uholanzi huvutiwa kwanza na zile zinazong'aa. Mimi humshauri aanze na leeuwendaalder, daalder (sarafu kubwa ya fedha) yenye simba, ingawa nyingi zimegongwa vibaya: maandishi ya Kilatini yamekatika, ukingo una nyufa, na mara nyingi uso wa askari hauonekani kabisa.

Jimbo la Holland liliitoa mwaka 1575, katikati ya uasi dhidi ya Mfalme Philip II wa Hispania. Upande mmoja kuna askari mwenye deraya aliyesimama nyuma ya ngao. Upande wa pili simba amenyanyua makucha. Uzito wake kisheria ulikuwa takribani gramu 27.7, na robo tatu tu ndiyo iliyokuwa fedha halisi. Rijksdaalder, sarafu nyingine ya Uholanzi, ilikuwa na fedha zaidi, kwa hiyo mfanyabiashara alifaidika akilipia bidhaa za ng'ambo kwa simba. Ndivyo sarafu hii ilivyoenea katika masoko ya Dola ya Osmani, na pesa ya Romania, leu, bado ina jina la mnyama huyo. Waliogonga sarafu za kusafirishwa ng'ambo walijali uzito kuliko sura.

Ndiyo maana kasoro za chapa hazinisumbui. Linalonihusu ni kuzitofautisha na uchakavu. Palipogongwa hafifu, geuza sarafu: mara nyingi sehemu ileile upande wa pili nayo ni hafifu, na pembeni yake manyoya ya simba yamekaa wazi. Sarafu iliyochakaa huliwa kwanza kwenye vilele vyote vya mchoro, pande zote mbili.

Kisha mizani. Simba aliyepungua gramu kadhaa huenda alipunguzwa ukingo kwa mkasi, au alikaa baharini. Meli iitwayo Campen ilizama karibu na Kisiwa cha Wight mwaka 1627, na mwaka 1979 wapiga mbizi walikuta humo maelfu ya daalder hizi. Chumvi hutoboatoboa uso wa fedha. Sarafu ya namna hiyo ina thamani yake, mradi muuzaji aseme ilikotoka.

Usiisugue kwa magadi wala majivu. Utando mweusi ulijengeka kwa miaka mingi, na ukishaondoka mnunuzi mzoefu huona mikwaruzo papo hapo. Epuka pia vifuko laini vya PVC, kwa sababu huacha ute wa kijani unaoila sarafu. Karatasi isiyo na asidi inatosha.