Kilimia Hakihitaji Darubini Ndefu

Kilimia, fungu la nyota, kiko umbali wa takriban miaka nuru 440, kina nyota zaidi ya 1,000, na angani kimetanda karibu digrii 2, sawa na miezi mipevu minne iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Upana huo ndio uamue ununue nini ili kukipiga picha.

Hesabu ni fupi: gawanya upana wa kihisi cha kamera kwa urefu wa fokasi, zidisha kwa 57.3, upate digrii za anga ambazo kamera inaona. Kihisi cha milimita 23.5 kikifungwa kwenye darubini ya milimita 2,000 huona digrii 0.67 tu, Kilimia kitakatwa vibaya. Kamera hiyohiyo na lenzi ya milimita 200 huona digrii 6.7, fungu zima likaingia na nafasi ikabaki. Hata Seestar S50, darubini ndogo ya kiotomatiki iliyoingia sokoni 2023 kwa takriban dola 500, huona digrii 0.7 kwa 1.3, kwa hiyo picha moja haikitoshi.

Fedha ziende kwenye stendi yenye mota. Kwa lenzi ile ya milimita 200 na kamera hiyo ikiwa ya megapikseli 24, bila mota nyota ya Kilimia huhama karibu pikseli 3.4 kila sekunde. Baada ya sekunde 10 imekuwa mstari wa pikseli 34. Stendi za kuelekezwa kwenye ncha ya anga zinatusumbua sana huku kwetu: ncha ya kusini iko digrii 7 tu juu ya upeo Dar es Salaam, na 1.3 Nairobi. Nyingi hazishuki kiasi hicho, na zikishuka, uzito wa kusawazisha hugonga miguu ya stendi. Uliza kabla ya kulipa! Stendi ya juu-chini na kushoto-kulia huzungusha picha kidogokidogo, lakini kwa vipande vya sekunde 10 programu hurekebisha.

Vipande 100 ni dakika 17, na vikiunganishwa chengachenga hupungua hadi moja ya kumi. Ukitaka zipungue nusu tena, piga 400, zaidi ya saa nzima. Picha ghafi ya megabaiti 48 mara 400 ni gigabaiti 19, hivyo diski nayo iwe kwenye bajeti.

Darubini ndefu ina kazi yake kwenye NGC 4755, fungu lililo karibu na Msalaba wa Kusini. Upana wake ni kama dakika 10 za tao: pikseli 150 kwa lenzi ya milimita 200, na 740 kwa darubini ya milimita 1,000.