Msuli Uliokuzwa Maabara: Tumaini la Kweli na Tumaini la Kuuzwa

Kila kuruta analijua juma la kwanza la kwata. Asubuhi ya pili mapaja humwuma kama aliyepigwa fimbo, na kushuka ngazi huwa adhabu. Lakini baada ya siku chache maumivu huondoka, na mapaja yale yale huanza kupata nguvu kuliko kwanza. Jambo linalotendeka humo ndani ndilo msingi wa elimu ambayo wataalamu wa nchi nyingi wanaishughulikia leo, yaani kukuza chembe za msuli nje ya mwili wa mtu.

Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba. Kandokando ya kila uzi zimelala chembe ndogo zisizo na kazi ya kila siku. Uzi ukichanika, chembe hizo huamka, hugawanyika, huungana na kutengeneza nyuzi. Nyingine hurudi kulala zikingoja jeraha lijalo. Mwaka 1961 mtaalamu Alexander Mauro wa New York alizieleza chembe hizo, baada ya kuchungua msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Sasa huitwa seli shina za msuli, nazo zaweza kufananishwa na shina la mgomba: hutoa machipukizi, na shina lenyewe lisiishe.

Hata hivyo, uwezo huo una mpaka. Jeraha dogo hupona, bali mlipuko au ajali ya gari ikimwondolea mtu pande kubwa la nyama ya paja, chembe zilizosalia haziwezi kuliziba pengo. Mahali pa msuli hujaa kovu, na kovu halina nguvu ya kuvuta mfupa.

Yako pia maradhi yanayoula msuli polepole. Mojawapo limepewa jina la Duchenne, tabibu wa Ufaransa wa karne ya 19, nalo huwapata karibu wavulana watupu. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, na akitaka kuinuka hujiegemeza kwa mikono juu ya mapaja yake. Tafu za miguu huonekana nene, kumbe hazina nguvu. Wengi hushindwa kutembea kabla ya kufikia utu uzima. Mwaka 1987 ilifahamika kwamba watoto hao hukosa protini iitwayo distrofini, ambayo huulinda uzi wa msuli usipasuke unapofanya kazi. Si uchawi wala laana. Mara nyingi kasoro hiyo hupitia kwa mama asiyejijua kuwa anayo; mara nyingine huzuka upya kwa mtoto. Kwa hiyo mume anayemlaumu mkewe humwonea bure.

Katika miaka ya 1990 madaktari walijaribu kuwadunga wagonjwa chembe za msuli za watu wazima wenye afya. Matunda yalikuwa haba. Chembe nyingi zilikufa au zilikataliwa na mwili, na zilizopona hazikusambaa mbali na mahali sindano ilipopita.

Njia nyingine ilifunguka huko Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alizirudisha chembe za kawaida za panya katika hali ya uchanga kwa kuziingizia jeni nne, na mwaka 2007 akafanya vivyo hivyo kwa chembe za binadamu. Chembe iliyorudishwa uchangani yaweza kuelekezwa kuwa ya moyo, ya mishipa ya fahamu au ya msuli. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza kwamba wamezitumia chembe za namna hiyo kutengeneza msuli wa binadamu. Waliamsha ndani yake jeni inayozielekeza ziwe seli shina za msuli, wakazilea katika utomvu laini unaozishikilia kama kiunzi. Zikaungana kuwa nyuzi. Zilipoguswa na umeme, zilijikunja kama msuli wa kweli. Zilipopandikizwa kwa panya, ziliendelea kuishi kwa muda usiopungua majuma matatu.

Basi mbona mguu wa majeruhi haujazwi leo? Sababu ya kwanza ni damu. Chembe iliyo mbali na mshipa wa damu hukosa hewa na kufa. Kwa hiyo kipande chembamba hukua bakulini, lakini pande la paja halikui. Pili, msuli usiounganishwa na mishipa ya fahamu hausikii amri ya ubongo. Tatu, chembe changa iliyobaki bila kukomaa yaweza kugeuka uvimbe. Faida iliyokwisha kupatikana ni nyingine: msuli uliokuzwa kutoka chembe za mgonjwa hutumika kujaribia dawa kabla hajapewa mtu.

Hapo ndipo familia zapaswa kuwa macho. Katika nchi mbalimbali wapo wauzao sindano za seli shina kwa bei kubwa, wakiahidi kuwainua waliopooza na kuwaponya watoto. Kabla ya kuuza ng'ombe au kiwanja, yafaa mzazi aulize: Je, tiba hii imeidhinishwa na serikali, na kwa ugonjwa gani? Je, hatari zake zimeandikwa? Kama ni jaribio, mbona linadai malipo? Majaribio ya kweli huandikishwa, hueleza hatari zake, na kwa kawaida hayamtozi mgonjwa gharama ya kitu kinachojaribiwa.

Wakati huohuo msaada uliopo usidharauliwe. Mvulana mwenye dalili zilizotajwa apelekwe hospitali mapema. Ziko dawa, kama prednisolone, ambazo zikitolewa na kusimamiwa na daktari hupunguza kasi ya udhaifu. Na kunyoosha viungo kila siku huchelewesha kukakamaa. Majeruhi naye asiache mazoezi aliyopangiwa kwa kungoja msuli wa maabara. Nyuzi alizobakiwa nazo ndizo zitakazombeba leo, nazo hudhoofika upesi zisipotumiwa.