Faili Moja, Seva Tatu

Shule ya Kaptagat inayoweka alama zote za wanafunzi kwenye kompyuta moja inaweza kupoteza kazi ya miaka mingi siku diski itakapoharibika. Dawa ipo: kuhifadhi data kwenye seva kadhaa, na programu zake ni za bure.

Jijini Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI imewahi kutumia programu ya GlusterFS kuunganisha diski za seva kadhaa zionekane kama ghala moja. Ceph, iliyobuniwa na Sage Weil huko California, hufanya kazi inayofanana: kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kipande cha data.

Mbele ya ghala hilo huwekwa NFS, itifaki ya Sun Microsystems ya mwaka 1984, au Samba kwa kompyuta za Windows. Mwalimu hufungua folda kana kwamba imo ndani ya mashine yake. Seva zianzie tatu. Zikiwa mbili na mawasiliano yakikatika, hakuna wa kuamua ipi ina nakala sahihi. Zikiwa tatu, zilizo nyingi huamua.

Lakini faili ikifutwa, nakala zote hufutika. Wasimamizi waweke nakala ya akiba mjini Eldoret, mbali na seva hizo, na wajaribu kuirejesha kila muhula.