Sambusa

Sambusa (pia: samosa) ni kitafunwa cha pembe tatu kinachotengenezwa kwa ganda jembamba la unga wa ngano, hujazwa nyama ya kusaga, viazi, mboga au dengu, kisha hukaangwa katika mafuta mengi. Katika Afrika ya Mashariki huliwa kwa mkono, mara nyingi pamoja na chai, na ni kati ya vitafunwa vinavyoisha mapema kwenye sinia za harusi, maulidi, futari na mikutano ya ofisini. Papo hapo ni kitafunwa kinacholalamikiwa sana, kwa sababu mlaji haoni kilichomo ndani mpaka ameshauma.

Jina na asili

Jina linatokana na Kiajemi, ambamo chakula hiki kiliitwa sanbosag, na kupitia Kiarabu likawa sanbusaj au sambusak. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10 kina mapishi yake. Kitabu kingine cha mji huohuo, cha Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi cha mwaka 1226, kinaeleza jinsi mkate mwembamba unavyokatwa vipande virefu, unavyojazwa nyama na kukunjwa pembe tatu, unavyogandishwa kwa unga uliolowanishwa na kukaangwa katika mafuta ya ufuta. Mpishi wa Unguja au Lamu akisomewa maelezo hayo atayatambua mara moja, labda isipokuwa mafuta tu.

Msafiri Ibn Battuta aliila sambusa katika miaka ya 1330 kwenye jumba la sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq. Aliieleza kuwa ni nyama iliyosagwa na kupikwa pamoja na lozi, kokwa nyingine, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mwaka 1331, kabla ya kufika huko, alikuwa amepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Katika vyakula alivyokaribishwa Mogadishu alitaja wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe, lakini hakutaja sambusa. Hilo peke yake halithibitishi kwamba haikujulikana pwani wakati ule.

Viazi na pilipili kali asili yake ni Amerika, vikafika Asia baada ya safari za Wareno na Wahispania. Kwa hiyo sambusa ya viazi, ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo ya asili ya Kihindi, ni changa kuliko ya nyama kwa karne kadhaa. Ile ya Punjab ina ganda nene la unga mbichi na hujazwa viazi na njegere. Ya pwani ya Waswahili hufanana zaidi na ile ya Baghdad na ya Waislamu wa Gujarati: ganda lake ni jembamba na hupikwa mara mbili.

Manda

Ganda la sambusa huitwa manda. Unga wa ngano hukandwa kwa maji na chumvi mpaka ulainike, kisha hugawanywa madonge madogo. Kila donge husukumwa kidogo, hupakwa mafuta, hunyunyiziwa unga mkavu na kuwekwa juu ya jingine. Rundo zima husukumwa kwa pamoja mpaka liwe jembamba, halafu huwekwa kwenye kikaango cha chapati kisicho na mafuta kwa muda mfupi tu. Kazi ngumu ni kuzibandua manda moja moja zikingali moto. Zikipoa hushikana, zikiiva sana hukatika wakati wa kukunja.

Manda hukatwa vipande virefu. Ncha moja hukunjwa iwe kama koni, hujazwa, kisha sehemu iliyobaki huzungushwa na kubandikwa kwa uji mzito wa ngano. Kitundu kidogo kwenye pembe chatosha kuharibu kazi: mafuta huingia, nyama hutoka, na karai zima huchafuka. Siku hizi manda zilizo tayari huuzwa madukani na hutengenezwa majumbani kwa oda, hasa kabla ya Ramadhani. Ni kipato cha wanawake wengi wa miji ya pwani.

Ujazo na sifa ya sambusa nzuri

Nyama ya kusaga, yaani kima, hupikwa kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba na chumvi mpaka maji yote yakauke. Vitunguu maji vilivyokatwa vidogo sana na majani ya giligilani (kotmiri Unguja, dania Kenya) huongezwa mwishoni bila kupikwa sana, pamoja na ndimu.

Neno muhimu hapo ni kukauka. Maji yaliyobaki katika ujazo hugeuka mvuke wakati wa kukaanga, na baadaye mvuke huo hulainisha ganda kutoka ndani. Ndiyo maana sambusa iliyotoka jikoni ikiwa kavu yaweza kufika ukumbini imelegea, hasa ikiwa imefunikwa ingali moto ndani ya ndoo ya plastiki. Mafuta yasiyopata moto wa kutosha hunyonywa na ganda. Yakizidi moto, ganda hutoka malengelenge na kuwa jeusi. Nyuzijoto kati ya 170 na 180 za selsiasi hufaa.

Kwenye sinia

Katika sherehe sambusa hupangwa pamoja na katlesi, kababu, kachori, bajia na vitumbua. Kwa kawaida sambusa ya nyama huondoka kwanza, na bajia zilizopoa pamoja na mandazi makavu hubaki mpaka wenye njaa ya kweli wafike. Sambusa ya viazi iko katikati: haichukiwi, ila aliyetarajia nyama humwona mwenye sherehe kuwa bahili. Kibaya zaidi ni ile iliyojaa vitunguu na harufu tu ya nyama. Sababu yake si siri, maana nyama ndiyo kiungo ghali kuliko vyote na sambusa huuzwa kwa idadi, si kwa uzito.

Kwa baadhi ya wageni kutoona kilichomo ni jambo zito kuliko bei. Mwislamu anahitaji kujua kwamba nyama ni halali, Mhindu asiyekula nyama anahitaji kujua kwamba haimo kabisa, na mwenye mzio wa karanga au dengu anaweza kudhurika. Kwa hiyo wapishi waangalifu hutenga sinia za mboga, au hukunja kila aina kwa umbo lake, na hawakaangi zote katika mafuta yaleyale.

Usalama

Ujazo wa sherehe kubwa mara nyingi hupikwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Sufuria kubwa ya nyama ikiachwa ipoe polepole, bakteria kama Clostridium perfringens huzaana ndani yake, na kukaangwa kwa dakika chache si lazima kupashe moto katikati ya sambusa kiasi cha kuwaua. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kiwekwe baridini chini ya nyuzijoto 5 au kitunzwe kikiwa moto juu ya 60. Nyama ikitandazwa kwenye masinia mapana hupoa upesi. Sambusa mbichi zilizokwisha kukunjwa huweza pia kugandishwa na kukaangwa siku ya shughuli bila kuyeyushwa.

Sehemu nyingine za dunia

Nchini Somalia sambusa ni chakula cha kila futari. Mwaka 2011 vyombo vya habari viliripoti kwamba kundi la Al-Shabaab liliipiga marufuku katika maeneo lililoyashika, eti kwa kuwa pembe zake tatu zilifanana na Utatu wa Kikristo. Wasomali waliohamia Minneapolis, Marekani, huiuza huko katika migahawa yao.

Nchini Msumbiji, Goa na Ureno huitwa chamuça. Katika nchi za Kiarabu sambusak mara nyingi ina umbo la nusu mwezi na hujazwa jibini au nyama. Katika Asia ya Kati samsa haikaangwi bali huokwa kwa kubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, na nyama yake hukatwa kwa kisu badala ya kusagwa.